Mashine Tuliyoifundisha Adabu

Sifa ni zako, ee Mungu Mwenyezi, uliyetenga nuru na giza, maji na nchi kavu, ukakipa kila kitu mahali pake na mpaka wake, ukaona kuwa ni vyema. Umenifikisha kustaafu nikiwa na macho yangu na meno yangu karibu yote, na umenipa wenzangu wa kazi ambao hata leo nikiwakumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu wanauliza kuna nini. Naanza kwa jina lako ili nisiongeze chumvi kupita kiasi.

Wadogo zangu wa ofisini, siku mliponiaga mlisema niandike habari za kazi yetu, kwa kuwa nyinyi mmezikuta kompyuta mezani kama mtu anavyokuta kiti. Mmoja wenu akasema nieleze nilivyopanda vyeo. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichobadilisha kiti nilichokalia. Nitaandika habari za watu na mashine, na msimu mmoja ambao jina la kikundi cha akina mama wa Mkumbi lilikuwa mikononi mwetu.

Nilianza kazi kama mpiga chapa katika ofisi ya ushirika hapa Mbinga. Siku ya kwanza Mzee Hyera, mkuu wa mahesabu, alinikuta nimekaa wima kama niko kwenye picha ya pasipoti. Alikuwa amesoma seminari miaka kadhaa kabla Mungu hajamwonyesha kuwa ana wito wa ndoa, na sauti yake ilibaki ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. Aliniwekea mbele mashine ya kujumlishia, ile ya chuma yenye mkono wa kuzungusha.

“Dada Batilda,” akasema, “mashine hii haijui kitu. Inajua kuzunguka tu. Ukiizungusha vibaya, nayo itazunguka vibaya kwa uaminifu wote.”

Nilidhani anatania. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa amenipa mafunzo yote ya kazi katika sentensi tatu, na kilichobaki kilikuwa mazoezi.

Kisha zikaja enzi za ruksa na soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda milima yetu na pikapu zao, kila mmoja na mizani yake, na kahawa ambayo tangu zamani ilikuwa na njia moja ikawa na njia nyingi. Ofisi yetu ikapunguza watu, nami nikawemo. Sikulia, kwa sababu Mzee Hyera naye alikuwemo, na kabla hatujafika getini alikuwa ameshaanza kupanga. Alisema wakulima sasa watajiunga katika vikundi vidogo, na vikundi vitahitaji mtu wa kuwawekea kumbukumbu za kahawa yao tangu inapopimwa mpaka inapopanda lori. Tukapanga chumba nyuma ya duka la saruji na misumari. Kompyuta ya kwanza aliileta kutoka Songea ameifunga kwenye blanketi la nyumbani kwake, na mke wake alilidai blanketi lile kwa muda mrefu kuliko tulivyoitumia kompyuta yenyewe.

Tulijifunza kuandika programu kwa lugha ya Java kutoka kwenye kitabu kinene na sidii moja. Tulikisoma kama tulivyosoma katekisimu, mmoja akiuliza swali, mwingine akijibu kwa kichwa. Sehemu nyingine hatukuzielewa, tukazishika hivyohivyo kwa imani, na maelezo yakaja baadaye. Nimeona mambo mengi maishani yakienda hivyo.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Edmund, mzaliwa wa Liuli kule ziwani, Mwanglikana, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam akarudi ili awe karibu na mama yake. Alikuja ofisini mara ya kwanza akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, maana lori lake lilikwama Kingerikiti na akapanda sehemu iliyobaki kwa miguu. Mkononi alikuwa na furushi la usipa wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani.

“Shikamoo mzee, shikamoo dada,” akasema. “Nimewaletea chakula cha akili. Nimesikia huku mlimani mnakula maharage tu, ndiyo maana kompyuta zenu zinajamba.”

“Marahaba,” akajibu Mzee Hyera bila kucheka. “Kaa chini. Sisi tunaoogopa maji tunakuzidi kitu kimoja: hatujawahi kuzama.”

Tangu siku hiyo utani wa mlima na ziwa haukukoma, na usipa haukukoma. Wateja walioingia walijua harufu yetu kabla ya kuona kibao.

Programu yetu ilikua kama mtoto anayelishwa na kila jirani. Ilikuwa na sehemu ya mizani, sehemu ya vikundi, sehemu ya ghala, na sehemu ya kuchapa lebo zinazoshonwa mdomoni mwa gunia. Zote zilikuwa zimechanganyika. Ukigusa mizani, lebo zinaumwa. Edmund ndiye aliyependekeza tuigawe katika moduli, yaani vipande vinavyojitegemea. Alitueleza kuwa kuna mfumo unaokaa juu ya Java, ambao tuliuita msimamizi. Kila moduli inakuwa na mpaka wake, na inatoa tamko la mambo mawili: vitu gani inaruhusu wengine wavione, na vitu gani inahitaji kutoka kwa wengine. Msimamizi anasoma matamko hayo, na kama moduli haikutamka kuwa inamhitaji jirani, basi jirani huyo hamwoni kabisa.

“Ni ngolo,” akasema Mzee Hyera.

Kwa mtu asiyetoka kwetu, ngolo ni yale mashimo tunayoyapanga kwenye miteremko, moja baada ya jingine, kila moja limezungukwa na kingo za udongo uliofunika nyasi. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake, na mlima haushuki bondeni. Edmund, ambaye kwao hawalimi hivyo, alikubali mfano huo kwa sharti kwamba asipelekwe kuchimba.

Tuliigawa programu, na ilikuwa raha. Lakini kabla sijafika kwenye msimu ule, lazima nieleze habari ya neno moja jekundu.

Kinu cha kukoboa kahawa tulichokihudumia kilikuwa na mpimaji mkuu, Mzee Ndunguru. Alikuwa amepima kahawa tangu enzi za mababu wa wakulima wa sasa, na alivaa kofia ya pama ndani na nje. Programu yetu ilikuwa na tabia ya programu zote: ikikwama, inapiga kelele na kuandika KOSA kwa herufi nyekundu. Asubuhi moja, foleni ya wakulima ikiwa imejaa, Mzee Ndunguru aliruka nafasi moja bila kuijaza. Mashine ikalia. KOSA. Watu wa mbele wakasoma, wa nyuma wakauliza, na mtu mmoja akacheka.

Mzee Ndunguru akasimama, akarekebisha kofia yake, akaja mpaka ofisini kwetu kwa miguu.

“Mimi nimepima kahawa ya baba zenu,” akasema. “Hakuna aliyewahi kunisimamisha mbele za watu akaniambia nimekosa. Sasa hiki kibati mlichoniletea kinanizomea?”

Tulimpa kiti, chai na samahani nyingi. Alipoondoka, Mzee Hyera alisema jambo ambalo sote tuliliona la haki: mashine haiwezi kumwambia mzee kuwa amekosa. Edmund alikaa siku nzima akiiondolea programu ukali wake. Kila mahali ambapo ilikuwa inalalamika, akaifanya inyamaze, ichukue kitu kilicho karibu, iendelee na kazi. Isipojua daraja la kahawa, iandike la kawaida. Isipojua kikundi, iandike Mchanganyiko. Tulimsifu. Mzee Ndunguru alirudi kwenye mizani yake, na kwa muda mrefu kinuni kulikuwa na amani na kimya.

Sasa msimu wenyewe. Vikundi viliruhusiwa kupeleka kahawa yao mnadani Moshi kwa jina lao wenyewe. Mpaka hapo kahawa ya wakulima wadogo ilikuwa inachanganywa, nzuri na mbaya, ikaenda kama kitu kimoja. Kikundi cha akina mama wa Mkumbi kiliongozwa na Mama Tadea, mjane mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng’ambo ya bonde. Aliwashawishi wenzake wachume kahawa nyekundu tupu, wairudie mibuni mara nyingi, waioshe kwa maji safi na kuianika kwenye vichanja badala ya chini. Waume wao waliwacheka. Mmoja, nilivyosimuliwa, alikuwa akipita kwenye vichanja na kuuliza kama kahawa imeshavaa soksi. Mama Tadea aliwajibu wenzake jambo moja tu: mwaka huu gunia litaandikwa Mkumbi, na mwonjaji wa Moshi ataionja Mkumbi peke yake.

Wiki ya kupakia ilipokaribia, Mzee Ndunguru alichapa lebo za majaribio. Zote zilitoka zimeandikwa Mchanganyiko.

Gunia lenye lebo ya Mchanganyiko linamwagwa kwenye lundo pamoja na mengine. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kinu, na haukuwa na mlango wa nyuma. Mama Tadea alifika ofisini kwetu akiwa na lebo moja mkononi, amevaa kitenge cha kanisani katikati ya wiki.

“Batilda mwanangu,” akasema, “wale wanawake wameniamini mimi. Lori likienda bila jina letu, mwakani watachuma kijani na nyekundu pamoja, na sitakuwa na mdomo wa kuwaambia kitu. Nisomee hapa pameandikwa nini.”

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

“Basi mimi nakaa hapa,” akasema, akavuta kiti.

Tukaiendesha programu pale ofisini, mbele yake. Lebo ikatoka: Mkumbi. Tukaipeleka kinuni kwenye sidii. Mchanganyiko. Tukairudisha ofisini. Mkumbi. Edmund alishuka na kupanda kati ya ofisi na kinu mpaka Mzee Ndunguru akamwambia, “Huko kwenu inaandika, kwangu haiandiki. Labda ya kwangu ni ya dhehebu lako.”

Mzee Hyera alitukalisha. Alikuwa na njia yake, nanyi mnaikumbuka: alituuliza maswali ya kitoto mpaka tuchoke.

“Hapa ofisini, ni nani anayeiwasha programu?”

“Zana yetu ya kuandikia programu,” akasema Edmund. “Nabonyeza kitufe, inakwenda.”

“Kule kinuni?”

“Msimamizi wa moduli.”

“Na hiyo zana, inamjua msimamizi?”

Edmund akatikisa kichwa. Zana haikumjua. Ilitengenezwa kabla watu hawajaanza kugawa programu kwa moduli, na ulipobonyeza kile kitufe ilichukua moduli zote ikazimwaga kwenye sufuria moja. Ndani ya sufuria hakuna mpaka, kila kitu kinaona kila kitu. Miezi yote hiyo tulikuwa tumejaribu programu isiyokuwa na kingo hata moja, kisha tukaipeleka kuishi mahali penye kingo.

“Basi hamjawahi kuijaribu,” akasema Mzee Hyera kwa upole.

Njia ya mkato ilikuwepo, na Edmund aliitaja: hata kinuni tuzimwage moduli kwenye sufuria moja. Lakini kule mizani halisi ilikuwa imeunganishwa, na moduli yake ilihitaji toleo la zamani la kipande fulani cha programu, huku lebo ikihitaji toleo jipya. Ukizichanganya, mizani inasimama, na foleni ya Mzee Ndunguru inasimama nayo. Kwa hiyo ilibidi tuione programu kutoka ndani ikiwa katika hali ileile ya kinuni. Nayo haikusema kitu. Iliandika Mchanganyiko kwa utulivu, kama mtu asiye na neno na mtu.

Zana ile ilikuwa ya wazi, yaani walioiandika waliacha maandishi yake yote ili anayetaka ayasome na kuyaongeza. Tukaamua kuiongezea kitufe cha pili. Kitufe hicho kwanza kimwamshe msimamizi, kisha kimkabidhi moduli moja moja, kila moja na tamko lake, na kiache tundu dogo ambalo zana itachungulia programu ikiwa inatembea. Mimi nilichukua kazi ya kuyasoma matamko na kuyapanga, kwa sababu nilikuwa na subira ya mpiga chapa. Edmund alichukua tundu la kuchungulia. Mzee Hyera alichukua kazi ya kutusumbua.

“Nielezeni kila hatua,” alisema, “kana kwamba mimi ni Mama Tadea.”

“Mimi mwenyewe niko hapa,” akasema Mama Tadea kutoka kwenye kiti chake. “Nielezeni mimi.”

Tukamweleza. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye, na alipochoka alisali rozari kimyakimya huku akiwachambua usipa wa Edmund vichwa. Alisema samaki wa ukubwa ule kwao Mkumbi angeitwa kiungo. Edmund akamwambia aje ziwani aonyeshwe mbasa mwenye kichwa cha kujaza sufuria. Mama Tadea akasema ataenda siku maji yatakapowekewa ngazi.

Siku ya kwanza msimamizi aliamka, akaona hana kazi, akalala. Nilikuwa nimempa moduli kwa mpangilio mbaya: lebo imeletwa kabla ya vikundi. Nikarekebisha, akaamka na kukaa. Hapo tukapata shida ya pili, ambayo nyinyi vijana hamtaijua kwa kuwa mmeikuta imeshatatuliwa. Tunapotaka kufuatilia programu, tunaweka kituo kwenye mstari fulani, ili programu ikifika hapo isimame tuitazame. Tuliweka vituo, na programu ikavipita vyote bila kusimama, kama basi lililokodiwa na wenyewe. Edmund alikuna kichwa mpaka mwishowe akagundua kuwa zana bado ilikuwa inavitafuta vituo ndani ya sufuria, na sufuria haikuwepo tena. Ilibidi kuifundisha kumuuliza msimamizi kwanza: mstari huu ni wa moduli ipi, na iko wapi? Ni swali jepesi. Kuliandika kulitugharimu chai nyingi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Edmund alibonyeza kitufe kipya. Msimamizi akaamka. Moduli zikaingia moja moja, kila moja ikakaa kwake. Printa ikanguruma. Lebo ikatoka, nami nikaivuta.

Mchanganyiko.

Nilipiga kigelegele. Edmund aliruka akagonga taa kwa kichwa. Mzee Hyera, ambaye sijawahi kumwona akicheza hata kwenye harusi ya mwanawe, alinyanyua mikono miwili na kumshukuru Mungu kwa Kilatini cha seminari, “Deo gratias!” Tulikumbatiana pale kati ya meza, mlima na ziwa, Mkatoliki na Mwanglikana.

Mama Tadea alisimama. Aliinyakua ile lebo mkononi mwangu, akaitazama. Neno lile alikuwa ameshalijua kwa sura.

“Mnashangilia?” akauliza. “Jina letu limefutwa tena, nanyi mnapiga vigelegele? Hivi nimekaa siku zote hizi na watu wazima?”

“Mama, subiri,” nikasema, na sikuweza kuacha kucheka, jambo ambalo halikusaidia. “Mpaka leo kosa lilikuwa linatutoroka. Ukilitafuta hapa, liko kinuni. Leo limekuja lenyewe mpaka mezani. Tumelishika.”

“Mmelishika?”

“Limekaa hapo, mama.”

Akaketi polepole. “Basi lichinjeni,” akasema, “ndipo mshangilie.”

Tukaweka kituo kwenye moduli ya lebo, na safari hii programu ikasimama, tulivu kabisa, kama mtu aliyeitwa jina lake. Tukaisogeza mstari kwa mstari. Lebo ilikwenda kuuliza jina la kikundi kwa moduli ya vikundi. Msimamizi akaizuia: hukutamka kuwa unamhitaji huyu. Hapo programu ikatamka lalamiko lake kwa usahihi, ikitaja nani anamtafuta nani na kwa nini hakumpata. Mstari uliofuata ulikuwa wa adabu wa Edmund. Ulilipokea lile lalamiko, ukalinyamazisha, ukaandika Mchanganyiko.

Kwa kila lebo iliyochapwa, mashine ilikuwa imetuambia ukweli wote, nasi tulikuwa tumeizuia isiseme, ili isimkosee heshima Mzee Ndunguru.

Edmund aliufunika uso kwa mikono yake. Mzee Hyera alimpiga begani. “Tulikusifu sote,” akasema. “Aibu hii ni ya ushirika.”

Tiba ilikuwa neno moja kwenye tamko la moduli ya lebo: nahitaji vikundi. Nililiandika mimi. Tukabonyeza kitufe kipya, na lebo ikatoka Mkumbi, na kingo zote zikiwa mahali pake. Mama Tadea aliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha akasema sasa tunaweza kushangilia, akatuongoza.

Lilibaki jambo zito zaidi, nalo halikuwa la Java. Programu ilipaswa kurudishiwa sauti yake, maana ukimya ule ungeweza kuficha jina la kikundi kingine kesho. Lakini ni nani ataiambia kofia ile ya pama? Tulikwenda wote. Mzee Ndunguru alitusikiliza akiwa amekaa juu ya gunia, akitutazama mmoja mmoja.

“Kwa hiyo kibati kilikuwa kinajua,” akasema.

“Kilikuwa kinajua, baba,” akajibu Mzee Hyera. “Tulikikataza kusema.”

“Kwa ajili yangu.”

Akavua kofia, akaikung’uta vumbi la maganda, akaivaa tena.

“Sikuwahi kusema kisiongee,” akasema. “Nilisema kisinizomee. Mtoto anaweza kumwambia mzee jambo lolote. Anaanza na salamu, anaomba samahani, anasema shida yake. Hamkulelewa?”

Edmund alikaa kwenye kompyuta ya kinuni palepale, Mzee Ndunguru amesimama nyuma yake akimwambia maneno. Yale maandishi mekundu yakaondoka. Ili kujaribu, wakaacha nafasi moja bila kuijaza. Kioo kikaandika kwa herufi za kawaida: Shikamoo. Samahani, naomba kusaidiwa. Sijaona uzito wa gunia hili.

“Marahaba,” akasema Mzee Ndunguru kwa sauti kubwa, na kinu kizima kikasikia. Akajaza uzito. “Hapo sawa. Hata mimi sikuuona.”

Jumatatu magunia ya Mkumbi yalishonwa lebo zake na kupandishwa kwenye lori la Moshi. Mama Tadea alitembea kando ya lori akigusa kila gunia aliloweza kulifikia. Mzee Ndunguru alikuwa amechapa lebo zaidi ya zilizohitajika. Alisema mkono uliteleza, na hakuna aliyemhoji. Hizo za ziada Mama Tadea aliziomba.

Jumapili iliyofuata, kanisani, akina mama wa Mkumbi waliingia kwa safu moja, kila mmoja amebana lebo ya gunia kifuani kwa pini: Mkumbi, kahawa safi. Padre alisimama kidogo kabla ya kuanza Misa, akawatazama, akauliza kama wote wamekobolewa. Kanisa likaangua kicheko. Mwishoni mwa safu nilimwona yule mume wa habari za soksi. Naye alikuwa na lebo, ameibana kwenye mfuko wa koti, na mkewe alikuwa anainyoosha isipinde.

Kile kitufe tulikituma kwa walioiandika ile zana, wakakipokea, na wengine ng’ambo wakakiboresha kuliko sisi. Nyinyi mnakibonyeza kila siku. Nawaomba mambo machache tu. Ijaribuni kazi yenu mahali itakapoishi. Msiizibe mdomo mashine inayolalamika, bali ifundisheni kusema vizuri. Na anapokuja mtu kukaa kwenye kiti chenu kwa sababu jina lake limepotea, mpeni chai, mwelezeni kila hatua, maana kazi ile ni yake kabla ya kuwa yenu.

Nawe unayesoma, Mungu akuwekee mipaka inayokulinda na milango inayofunguka ukibisha. Akupe wazee wa kukusahihisha kwa upole na vijana wa kukuambia ukweli kwa heshima. Kazi ya mikono yako ifike inakokwenda ikiwa na jina lake lenyewe, na nyumbani kwako kicheko kisikose. Amina.